Uso Chini ya Rangi

Najwa alikuwa jikoni, mkono mmoja kwenye birika, aliposikia hodi. Aliijua sauti ile hata kabla haijamaliza neno.

"Karibu," akajibu mama yake, Bi Mboni, kutoka sebuleni. Aliitamka karibu hiyo kama mtu anayefukuza kuku.

"Ya Rabbi," Najwa akanong'ona. "Amekuja kweli!"

Asubuhi ile alikuwa amemwandikia Kipyegon ujumbe: "Usije leo. Mimi mwenyewe siko, niko Dundori kwa kazi ya harusi." Dundori gani? Msichana alikuwa papo hapo Bondeni, kwao, amejibanza nyuma ya pazia la jikoni, na harusi yenyewe haikuwepo. Tangu yale maonyesho ya mchoro wake hakuna mtu aliyempigia simu kumpa kazi. Aliandika uongo ule kwa sababu hakuwa na uso wa kumtazama mwanamume anayempenda mbele ya mama yake. Na mimi simlaumu kwa hilo. Nitamlaumu kwa mengine, ngoja kwanza.

Najwa alikuwa mpiga picha wa harusi, upande wa akina mama. Kwao siku ya bibi harusi kupambwa wanaume hawakanyagi. Simu za wageni zote hukusanywa mlangoni zikatiwa kwenye beseni, na ndani hubaki kamera moja tu, ya Najwa. Basi wanawake huvua mabuibui, hufungua nywele, hucheza mpaka jasho likawachuruzika, kwa kuwa Najwa ameahidi kwamba picha zile hazitaonwa na mwanamume yeyote. Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na mama yake tangu baba alipofariki.

Lakini mapenzi yake hasa yalikuwa kuchora. Na aliyemwelewa kwa hilo alikuwa Kipyegon, kijana wa Olenguruone aliyekuwa akirekodi na kuhariri video katika chumba kimoja cha juu, karibu na soko. Huko ndiko walikozoeana, na huko ndiko wazo lilikozaliwa.

"Unajua shida ya picha?" Najwa alimwambia siku hiyo. "Ukibonyeza tu, imeisha. Lakini mimi nikichora, wiki nzima inaingia pale kwa kitambaa. Mtu akija kuangalia, haioni ile wiki. Inaenda wapi?"

Kipyegon alimtazama mpaka chai yake ikapoa. "Hiyo wiki naweza kukuwekea," alisema. "Tuchapishe picha moja kubwa kama mlango. Wewe uchore juu yake, pole pole. Mimi nitasimamisha kamera hapa, ikupige kila ukipaka rangi. Halafu siku ya maonyesho tunatundika mchoro, na video tunaimulika juu ya mchoro wenyewe. Watu waone wakati ukitembea."

"Kwa hivyo kamera itakuwa inanitazama siku zote?"

"Wewe na mchoro."

"Sema ukweli, Kip. Unataka tu kunitazama."

"Hiyo nayo iko," akasema, wakacheka, na hapo wote wawili wakajua mambo yameshakuwa mengine.

Picha aliyoichagua Najwa ilikuwa ya dada yake mkubwa, Umaima, siku ya kupambwa kwake. Nywele zimefunguliwa hadi kiunoni, mabega wazi, hina mpaka kwenye viwiko, anacheka kwa furaha. Katika picha zake zote hakuwa na nyingine nzuri kama ile. Alitaka kuifunika kwa rangi, tabaka juu ya tabaka, aonyeshe miaka inavyompitia bibi harusi hadi asionekane tena.

"Dada yako anajua?" Kipyegon aliuliza kabla ya kuipeleka kuchapishwa.

"Anajua. Amekubali."

Uongo mtupu! Umaima hakuulizwa. Najwa alijiambia kwamba ataanza na uso, aufunike siku ya kwanza, na kile kipande cha video cha mwanzo kikatwe. Alimwambia Kipyegon hivi: "Hapo mwanzo mwanga ni mbaya, utoe." Hakumwambia sababu. Alijiona mjanja.

Kipyegon naye, masikini, akataka kumfurahisha mpenzi wake. Alikaa na kile kipande, akautengeneza mwanga, kisha, bila kumwambia Najwa, akaigeuza video nzima irudi nyuma. Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Umaima alikuwa kiti cha mbele na mumewe Zayed, na nyuma yao walikaa ndugu za Zayed na wanaume wa dukani kwake. Projekta ikawashwa. Rangi ikaanza kujivua juu ya mchoro, tabaka moja, la pili, likatoka bega, zikatoka nywele, ukatoka uso. Umaima mzima mzima, anacheka, mbele ya wanaume wote wale. Watu walipiga makofi. Umaima alishika mtandio wake akajifunika uso kwa mikono miwili, na Zayed akaenda akaing'oa waya ya projekta ukutani.

Sasa Kipyegon alikuwa sebuleni kwao, na soksi zake kwenye zulia la Bi Mboni.

Najwa alisogeza pazia kidole kimoja. Alimwona mama yake kwenye kochi. Alimwona mjomba wake, Nasir, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba. Kwenye kona alikuwa Umaima, amejitanda mpaka nyusi hazionekani. Na Kipyegon mwenyewe, shati limenyooshwa, kibuyu mikononi. Alikuwa amekonda. Najwa alitamani kumgusa shavu tu, basi.

"Umekuja peke yako?" Mjomba Nasir akauliza. "Mambo kama haya mtu huja na wazee wake."

"Baba alitaka kuja, mzee. Nikamwambia kosa ni langu, wacha niende mwenyewe kwanza." Akakiinua kibuyu. "Mama, hii ni mursik. Maziwa ya nyumbani. Mamangu amewatumia. Amesema nisije kuomba msamaha mikono mitupu."

"Weka hapo," Bi Mboni akasema bila kukitazama.

"Nimekuja kwa Umaima. Dada, nimekukosea. Sijui niseme vipi. Kwetu picha ya harusi inatundikwa sebuleni, kila mgeni anaiona, hata muuza mkaa. Sikujua. Niliona mtu akitoka kwa rangi anacheka, nikaona hii ni ajabu, watu waone. Kumbe nilikuwa nakuvua nguo mbele ya watu." Akapangusa macho. "Ile video nimeifuta yote. Hakuna mahali iko."

Mjomba Nasir alikohoa.

"Unajua yaliyompata?" akauliza taratibu. "Mumewe hamsemeshi. Shemeji zake wakikutana naye wanatazama chini. Mwenyewe hata mtoto wake kumpeleka shule hataki, anaona njiani kila mwanamume ameshamwona."

"Najua, mzee. Nilienda kwa Zayed dukani. Hakunipiga. Ningeona afadhali angenipiga."

Bi Mboni akageuka, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Mama yule alikuwa na sababu zake za kumkataa kijana huyu. Hakuwa wa dini yao, hakuwa wa watu wao, na ahadi yake kwamba yuko tayari kusilimu ilikuwa imekaa miezi bila kujibiwa ndiyo wala la. Lakini mtu akilia kwa adabu mbele ya mzazi, mzazi ni mzazi.

"Ulitoka Olenguruone leo leo?" akamuuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na baridi hii. Umekula?"

Nyuma ya pazia Najwa alifunga macho. Umekula! Mama yake alikuwa hamuulizi neno hilo mtu asiyemtaka ndani. Mjomba Nasir naye akatikisa kichwa, akasema mtu hawezi kuhukumiwa kwa jambo asilolijua, na kijana amejileta mwenyewe, hilo nalo ni la kuangaliwa. Najwa akaona njia inafunguka. Angekaa kimya tu, dada apoe, mama apoe, wazee wa Kipyegon waje, na yeye arudi kwenye harusi zake bila mtu kujua lolote. Mnaona akili ya mtu inavyofanya kazi?

"Mimi nina swali moja," Umaima akasema.

Wote wakamgeukia.

"Mchoro wa Najwa niliuona pale ukutani. Ulikuwa rangi tupu, huoni mtu. Ile picha yangu yenyewe wewe uliipata wapi?"

Kipyegon alitazama soksi zake. Jibu alikuwa nalo: Najwa alinipa, Najwa alisema umekubali. Maneno mawili tu, na angetoka pale mweupe. Najwa aliuma kitambaa cha pazia.

"Niliitoa kwa laptopu yake," Kipyegon akasema. "Alikuwa ameenda kuswali. Aliiacha wazi, nikanakili. Nikaiingiza kwa video mwenyewe."

"Alikuruhusu?"

"Hapana. Hakujua."

"Kwa hivyo uliiba."

Kipyegon aliinua macho kutoka kwenye soksi.

"Niliiba," akasema.

"Basi kumbe ulijua!" Bi Mboni akasimama. "Mtu asiyejua ubaya wa kitu hakiibi, anakiomba! Unaniletea machozi hapa, nakuuliza umekula, kumbe ni mwizi? Umeingia kwa mtoto wangu, ukavizia anaswali, anaswali, ukamwibia amana za watu?"

"Mama..."

"Usiniite mama. Chukua kibuyu chako."

"Hayo maziwa ni ya mamangu," Kipyegon akasema polepole. "Yeye hana makosa."

"Chukua!"

Akakiinua. Mjomba Nasir alikuwa ameshageuza uso. Na Najwa? Bado yuko nyuma ya pazia! Alijiambia atampigia simu baadaye, atamlilia, atamwambia asante, na siku moja watu watasahau. Aliwaza wale wanawake wote na beseni lao la simu, akawaza mama yake atakula nini, akapata sababu nzuri nzuri za kusimama alipokuwa. Ningekuwa pale ningemsukuma kwa mikono yangu.

Kipyegon alifika mlangoni, akaanza kuvaa viatu. Umaima akaanza kulia, lakini kilio chake kilikuwa cha mtu aliyetua mzigo.

"Alhamdulillahi," alisema. "Mama, unajua mimi nilimshuku nani? Nilimshuku Najwa. Siku zote hizi nalala nikisema mdogo wangu ameniuza. Nimemchukia, Mama. Sijawahi kumchukia mtu vile." Akafuta pua kwa mtandio. "Najwa! Njoo, mdogo wangu. Toka huko jikoni, njoo nikuombe radhi."

Kiatu cha pili kikabaki mkononi mwa Kipyegon.

"Najwa yuko hapa?" akauliza.

Pazia lilikuwa limeshafunguka. Najwa alitoka. Hakuwa na la kushika, hakuwa na sinia wala kikombe, mikono ilikuwa inaning'inia tu. Umaima akamrukia shingoni, akamkumbatia kwa nguvu, anamwambia nisamehe, nisamehe, shetani alinipitia. Na juu ya bega la dada yake, Najwa akakutana na macho ya Kipyegon. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanamuuliza kitu, na alijua ni nini.

Kipyegon akainama, akavaa kile kiatu. "Kwaherini," akasema.

Angeondoka na siri hiyo. Wallahi angeondoka nayo mpaka Olenguruone, angeitwa mwizi maisha yake yote, asiseme.

"Dada, niachilie," Najwa akasema.

"Sikuachilii, mpaka useme umenisamehe."

"Niachilie. Mimi ndiye niliyempa."

Mikono ya Umaima haikutoka mara moja. Ilitoka kidogo kidogo, kwanza vidole.

"Ulimpa nini?"

"Picha. Hakuiba kitu. Nilimpa mimi, nikaenda naye kuichapisha, nikachora juu yake. Na kabla ya hapo aliniuliza kama wewe unajua. Nikamwambia umekubali."

"Lakini hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Ungeniuliza ningekataa."

"Najua," Najwa akasema. Machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni. "Ndiyo maana sikukuuliza."

Umaima alirudi nyuma mpaka akagonga kochi, akakaa. Alimtazama mdogo wake kama anamtafuta na hampati. "Huyu hakujua, ningemsamehe," akasema. "Wewe ulijua. Siku ile ulikuwa umeishika kamera mwenyewe, nikakuuliza, Najwa, nifunge nywele? Ukaniambia, aa, dada, fungua, ni sisi tu."

Najwa alikuwa ameisahau siku hiyo. Sasa aliikumbuka yote, na alitamani ardhi ipasuke.

"Astaghfirullah," Mjomba Nasir akasema, akashika kichwa.

Bi Mboni alipita mbele ya binti yake bila kumgusa, akaenda mpaka mlangoni, akanyoosha mikono miwili.

"Nipe maziwa ya mama yako," akamwambia Kipyegon. "Mwambie yamefika. Mwambie Mboni anamshukuru."

Kipyegon akampa kibuyu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akatoka.

Najwa alimfuata. Hata viatu hakuvaa. Alimkuta getini, anahangaika na komeo ambalo siku zote hukwama.

"Kip."

"Harusi ya Dundori iliendaje?" akauliza bila kugeuka.

"Nisamehe."

"Ulikuwa pale nyuma tangu lini?"

Angeweza kudanganya hata hapo. Mazoea ni mabaya, na neno lilikuwa limeshamfika ulimini: sasa hivi tu, nilikuwa nimetoka nje kidogo. Akalimeza.

"Tangu ulipopiga hodi."

Kipyegon akageuka. "Ulinisikia nikisema niliiba."

"Nilisikia."

"Ukamsikia mamako akiniita mwizi."

"Nilisikia, Kip. Niliogopa. Nilifikiria kazi, nikafikiria Mama..."

"Mimi nilidhani uko mbali. Nikasema, hayupo, hawezi kujitetea, wacha nimkinge. Na nikajiona mwanaume, unajua? Hata vile wananifukuza, moyoni nilikuwa nasikia raha kidogo. Nikisema, siku moja atajua nilichomfanyia." Alicheka, lakini uso haukucheka. "Kumbe ulikuwa mita mbili hapo, unasikiliza. Pale ndani niliona aibu. Lakini si kama hii ya sasa."

"Lakini nilitoka. Nilisema."

"Ulitoka baada ya kuitwa."

Ukweli ulikuwa huo, na hata mimi ninayemsimulia sina la kumsaidia.

"Nakupenda," akasema, kwa sababu ndilo lililobaki. "Mungu anajua nakupenda."

"Najua. Hata mimi nakupenda. Shida yetu si hiyo, Najwa." Komeo likafunguka. Alisimama pale, nusu ndani, nusu barabarani, na kwa muda Najwa akadhani atamshika mkono. Aliutazama tu, ule mkono wenye rangi ya samawati iliyogoma kutoka kwenye kucha. "Kwa mamako nitarudi. Amepokea maziwa yetu, lazima nije na baba kumshukuru, ndivyo tunavyofanya. Na kwa Umaima nitarudi, nimtafute Zayed tena, mpaka wasemezane."

"Na kwangu?"

Kipyegon alifikiri. Hakuwa anamkomoa. Alikuwa anatafuta jibu la kweli, na hilo ndilo lililomuuma Najwa zaidi.

"Kwako sijui," akasema.

Akaenda. Alipita kibanda cha vocha, akapita mafundi wa baiskeli, hakugeuka, na Najwa akabaki ameshika geti hadi lile shati jeupe likamezwa na watu wa barabarani. Miguu ilikuwa inamchoma kwa kokoto.

"Najwa!" Ilikuwa sauti ya mama yake kutoka ndani. Haikuwa ya ukali. Ilikuwa imechoka. "Funga geti uingie. Zayed yuko kwenye simu, anataka kusikia kwa mdomo wako ni nani aliyetoa picha ya mkewe."

Najwa alilifunga geti, akapangusa machozi kwa mkono wa gauni, akaingia ndani kwenda kuisema kweli tena.